Bukari ya Manjano

Nilipokuwa mtoto, mjini Kamina, nilikatazwa kugusa vitu viwili: waya wa umeme ulioanguka chini, na chakula kilichotoka kwenye chungu cha hospitali. Waya sikuwahi kuukuta, na hata kama ningeukuta, umeme wenyewe ulikuwa haba kiasi kwamba sidhani ungenifanya kitu. Chungu cha hospitali nilikikuta. Nilikuwa na miaka tisa. Niliyoyafanya siku ile nimeyasimulia mara nyingi, kila mara kwa kicheko, na kila mara, sasa ninajua, kwa uongo.

Ninafundisha lishe katika chuo kikuu kimoja Lubumbashi. Wengi wa wanafunzi wangu watakuwa wauguzi. Kila mwaka, wiki ya kwanza au ya pili, mmoja wao hunyoosha mkono na kuuliza swali lile lile, kwa sauti ya mtu aliyetumwa na mama yake: je, mwalimu, chakula cha hospitali ni salama kula? Darasa hucheka kidogo, halafu hunyamaza, maana wote wanataka jibu. Nami huwapa lile la kitabu. Kama maji yamechemka, kama mpishi amenawa mikono, kama chakula kimeliwa kingali moto, ni salama kuliko kile kilichotoka nyumbani kikatembezwa juani saa nzima ndani ya kitambaa. Kisha, ili wasisinzie, huwasimulia habari ya bibi yangu aliyekula bukari ya hospitali, ndio ugali wetu, bila kujua, akaisifu kama imetoka jikoni kwake. Wanafunzi hucheka mpaka wanapiga meza. Hapo ndipo hadithi yangu huishia, darasani.

Bibi huyo tulimwita Nkambo. Alikuwa mama yake baba. Baba alifanya kazi ya reli upande wa Luena, na mama alimfuata huko pamoja na wadogo zangu. Mimi niliachwa Kamina kwa ajili ya shule, katika nyumba ya Nkambo na dada yake baba, tantine Ngoie. Tulikuwa watatu: mmoja mzee, mmoja mwenye hasira, na mmoja mlafi. Sitaki kusema mwenye njaa, ingawa ingenisaidia. Bukari ilikuwepo kila siku, na sombe ya majani ya mihogo. Samaki ndiye aliyekuwa wa wakubwa.

Kiangazi cha mwaka ule miguu ya Nkambo ilivimba. Ukiibonyeza kwa kidole, shimo lilibaki, nami nilipenda kubonyeza nikitazama shimo linavyojaa polepole.

"Acha, mama," alikuwa akiniambia. Mama ndilo jina wazee wa kwetu wanalowaita watoto wa kike. "Minyi haina udongo." Mimi si udongo, ndiyo maana yake.

Baadaye pumzi nayo ikawa shida, akawa analala ameketi. Tantine Ngoie akampeleka hospitali, nami nikifuata nyuma na mkeka. Munganga, daktari wa pale, akamsikiliza kifua, akasema moyo umechoka. Akaandika dawa. Akasema pia kwamba mgonjwa asipewe chumvi.

"Chumvi yote?" tantine akauliza.

"Yote, mama."

Tulipotoka nje tantine hakuweza kujizuia. "Mugonjwa hata chumvi bamukatazie! Sasa atakula nini, mayi ya kisima?" Nilisikia kwa masikio yangu mawili. Naomba msomaji akumbuke kwamba nilisikia, maana nitarudi hapo.

Hospitali yetu, kama nyingine nyingi za huku, ilitibu wagonjwa lakini haikuwalisha. Kulisha ni kazi ya ndugu. Nyuma ya wodi wanawake walikaa na mbabula zao, majiko ya makaa, kila mmoja akipuliza makaa yake chini ya sufuria yake, na waliokaa mjini walileta chakula kutoka nyumbani. Palikuwa na chungu kimoja tu cha hospitali yenyewe, kikubwa, cheusi, kwa ajili ya wale waliotoka mbali na kukosa mtu. Kilisimamiwa na Papa Banza, mwanaume mfupi mwenye sauti ya kwaya. Alipika maharagwe, na bukari ya unga wa manjano ulioletwa kwa magunia kama msaada. Unga ule haukuonekana kwingine mjini. Sisi nyumbani tulikula bukari nyeupe, mihogo ikichanganywa na mahindi.

Nkambo alikuwa na maneno yake juu ya chungu kile, na aliyasema bila kupandisha sauti, kama mtu anayekuonyesha njia ya kisima.

"Ile chungu haina mwenyewe, mama. Anaipika muntu hakujui, anaipikia muntu hakujui. Na bale balikufa humu, bakaacha chakula nusu, beko wapi? Beko pale, kando ya chungu, banangoja. Ukikula nao mara moja, banakujua jina. Unakuwa ndugu yao. Na ndugu hatakuacha urudi kwako."

Kwa hiyo chakula chake kilitoka nyumbani, na kilikuwa na sheria yake. Tantine alikiweka ndani ya bakuli la bati lenye maua mekundu, akalifunga kwa kitambaa cha kitenge, fundo la kuzungusha mara mbili na ncha kuingizwa ndani. Fundo hilo alifundishwa na Nkambo alipokuwa msichana. Alifunga aliyepika, akafungua anayekula. Katikati, asiguse mtu. Chakula kilichofunguliwa njiani, alisema Nkambo, kimeshaonwa, na hujui kimeonwa na nani. Kila siku kabla ya kufungua aliligeuza bakuli kidogo na kulitazama fundo, kama mtu anavyotazama uso wa mgeni kabla ya kumkaribisha. Kisha alijigeuza, akaelekea ukuta, akala. Hakula mbele ya macho ya watu. Wazee wengi wa upande wake walikuwa hivyo.

Kwenye kitanda cha jirani alilala mwanamke aliyetoka Kabondo-Dianda, peke yake, tumbo limeshonwa. Wote walimwita Mama wa Kabondo. Yeye alikula bukari ya manjano ya Papa Banza na hakuacha punje ya haragwe.

"Masikini," Nkambo akaninong'oneza siku moja. "Anajizika na mikono yake."

Mama wa Kabondo alikuwa na masikio. "Mama," akasema, akitafuna, "minyi nilifanya siku tatu mu njia. Bale balikufa bakitaka kula na minyi, bakuye bakule. Beko na njaa kama minyi."

Wodi nzima ilicheka. Nkambo alicheka pia, lakini alipomaliza kucheka alijifunika mguu kwa shuka.

Kazi yangu ilikuwa kupeleka bakuli baada ya shule. Tantine alifunga, akanipandisha kichwani, akasema kila siku maneno yale yale: usisimame, usifungue, usipite chini ya treni nikakuvunja miguu. Hilo la treni lilihitaji kusemwa. Kati ya nyumba yetu na hospitali ilipita reli, na mara nyingi treni ya mizigo ilisimama ikaziba njia, vagoni kushoto mpaka macho yanachoka, vagoni kulia vivyo hivyo. Watu wazima walijikunja wakapita chini. Mimi nilitakiwa kungoja.

Siku ninayoisema, treni ilisimama. Nilishusha bakuli, nikaketi kwenye kivuli cha vagoni, nikaliweka magotini. Lilikuwa la moto. Chini ya kitambaa alikuwamo samaki wa makayabu, aliyekaushwa kwa chumvi, aliyevuliwa kwenye maziwa ya mkoa wetu, na tantine alikuwa amempika na nyanya na kitunguu. Nilisikia harufu yake toka nyumbani. Niliambia vidole vyangu vishike fundo tu, vijue lilivyo. Vikalijua. Kisha kitambaa kikawa kimefunguka, na niliwaza kwamba kipande kimoja kidogo, upande wa mkia, Nkambo hatakiona.

Nilimla samaki yule mpaka kwenye mashavu ya kichwa. Nilinyonya mifupa. Kisha nikatazama bukari na sombe vilivyobaki, nikaona vitanishtaki, kwa kuwa bukari haiendi hospitali bila samaki, nikavimaliza navyo. Mifupa niliizika kwenye kokoto kati ya mataruma ya reli. Na wala sikulia. Nilijifuta mdomo kwa kitambaa kile kile, nikajisikia, kwa muda mfupi sana, kama mtu mkubwa.

Treni ilipotikisika na kuondoka ndipo niliogopa. Kurudi nyumbani ilikuwa fimbo. Kwenda mbele ilikuwa Nkambo na tumbo tupu. Nikaenda mbele, lakini sikuingia wodini. Nilizunguka nyuma, mpaka kwenye chungu cheusi.

"Weye, mutoto ya nani?" Papa Banza akauliza.

"Ya Mama wa Kabondo."

"Kumbe iko na mutoto! Na anatuambiaka haina muntu!" Alifurahi kweli kweli. Akachukua bakuli langu, akaweka bukari ya manjano, akaweka maharagwe, akanitazama, akaongeza maharagwe. "Umuambie akule yote, apate damu."

Nilifunga kitambaa nyuma ya ukuta. Nilizungusha mara mbili. Ncha ilikataa kuingia, nikaisukuma kwa kidole gumba.

Nkambo alipokea bakuli, akaligeuza. Alitazama fundo. Alitazama muda mrefu kuliko siku nyingine, au labda leo ndiyo ninaona hivyo.

"Ni tantine yako njo alifunga?"

"Eeh, Nkambo. Njo yeye."

"Treni ilisimama?"

"Ilisimama kidogo."

Akafungua. Nikasema mimi, haraka, kwamba leo samaki amekosekana sokoni na tantine amepika maharagwe. Akatikisa kichwa kukubali. Akajigeuza, akaelekea ukuta.

Hapa ndipo darasani huwa ninasimama, ninashusha sauti, na kuonyesha kwa mikono yangu. Maana sikuridhika na mgongo wake. Nilitaka kuona kama hila yangu imefaulu. Nikazunguka kitanda, nikajibana kati yake na ukuta, mbele ya uso wake kabisa, nikatazama mdomo. Nkambo alinyanyua macho akaniona nimesimama pale. Alikata tonge dogo, akalichovya, akalitia mdomoni, akameza. Akakata la pili. Alikula mpaka nusu, polepole, na mimi nikihesabu matonge kama magoli.

"Iko muzuri," akasema. "Umuambie tantine yako, iko muzuri. Ingine nitakula badaye. Wende kucheza, mama."

Nilitoka nje nikirukaruka.

Kesho yake, kabla ya kunituma, tantine aliniita jikoni akaniwekea kipande cha samaki kwenye sahani yangu mwenyewe. Akasema kula kwanza. Kesho kutwa vivyo hivyo. Nilidhani ni bahati. Nilidhani kwa kuwa Nkambo yuko mbali, sehemu yake ya samaki nyumbani imenirukia mimi, na Mungu anisamehe, nilifurahi.

Siku ya tano asubuhi Nkambo alikufa. Wiki hiyo hiyo Mama wa Kabondo alitoka hospitali kwa miguu yake.

Kwa miaka kama sita niliamini kwamba nilimuua. Sikumwambia mtu, hata kwenye maungamo. Nilimpa padri dhambi nyingine ndogo ndogo, kama mtu anayetoa karanga ili asiulizwe habari ya nyama. Nilipopita karibu na jiko la hospitali nilibana pumzi. Kisha nikasoma. Nilijifunza moyo ni nini, na maji ya miguuni hutoka wapi, na siku moja, nikiwa maktaba, nikaelewa kwamba maharagwe ya Papa Banza hayakumfanya kitu. Yalikuwa yamechemka kuanzia alfajiri. Nililia kwa furaha, pale mezani. Mwaka huo huo nikaanza kusimulia kisa hiki kama kichekesho. Nilikikata kabla ya kifo, nikakiongezea sifa chache kinywani mwa Nkambo, nikakipeleka mbele ya watu. Kila walipocheka nilijisikia nimesamehewa, na nadhani ndiyo maana nilikisimulia sana.

Mwaka huu, wakati wa likizo, nilipigiwa simu nirudi Kamina. Tantine Ngoie amelazwa. Miguu.

Nilimkuta katika hospitali ile ile, mzee sasa, hasira zake zimebaki kwenye nyusi tu. Munganga kijana alinieleza jambo ambalo ningeweza kumweleza yeye: moyo, dawa, hakuna chumvi. Nikapika nyumbani bila chumvi, kwa ujuzi wangu wote, na limau, na vitunguu saumu. Tantine alionja, akaweka chini.

"Hii iko chakula ya hopitali."

"Nimepika minyi mwenyewe, tantine."

"Basi ulipika ya hopitali."

Siku ya pili hakula. Siku ya tatu, ili kumchangamsha, nilifanya kile ninachokifanya vizuri kuliko kupika. Niliisimulia wodi nzima kisa changu. Nilisimama katikati ya vitanda, profesa mzima, nikamwigiza Papa Banza na sauti yake ya kwaya, nikamwigiza Nkambo akimeza na kusifu. Wanawake wale walicheka, mmoja akashika mshono wake akiniomba nikome. Nilimtazama tantine kuona kama naye anacheka.

Alingoja mpaka wote wamerudi kwenye sahani zao.

"Ulimaliza?"

"Nini, tantine?"

"Kumuchezea mama yangu."

Nikaketi kwenye ukingo wa kitanda.

"Numbi," akaniita kwa jina, "ile unga ilikuwa manjano. Manjano! Muntu alisonga bukari toka utoto wake mpaka uzee, weye ulifikiri hakuona?"

Nina shahada mbili. Nimesimulia kisa hiki mbele ya madarasa sijui mangapi, na kila mara nilitaja rangi ya unga, kwa sababu watu hupenda rangi katika hadithi. Na sikuwahi hata siku moja kujiuliza swali lile.

"Aliona fundo mbele ya kuona unga," tantine akaendelea. "Jioni nilienda kumuangalia. Akaniambia, Ngoie, mutoto alileta chakula ya hapa. Nilikula. Usimupige. Na kesho, mbele ya kumutuma, umupe samaki yake akule, juu njo samaki ilifungula hii fundo."

Samaki wa jikoni. Kipande changu cha bahati.

"Lakini kama alijua, juu ya nini alikula?"

"Juu ulikuwa unamuangalia." Alisema bila ukali. "Alitaka kumupa Mama wa Kabondo yote, juu Papa Banza alimupita siku ile, akasema mutoto wako alishabeba. Lakini weye ulikuwa pale, ku uso wake. Alisema, ule mutoto alisimama anangoja kama hakimu. Nikikataa, atajua nimejua. Akakula nusu. Ulipotoka, ile ingine akamupa Mama wa Kabondo, mwenyewe ya chakula."

Nilitaka kuuliza jambo jingine na sikutaka kulijua.

"Alikuwa na woga?"

Tantine alitazama mikono yake. "Siku ine zote. Alinishika hapa, akasema, sasa banajua jina yangu. Lakini alikataza. Asiambiwe, alisema, mutoto atabeba hii kintu mpaka uzee."

Nimeibeba, kumbe. Nimeibeba kama mchekeshaji anavyobeba ngoma yake, sokoni na harusini.

"Na weye, tantine? Uliamini njo ile ilimuua?"

Katika wodi hospitalini watu hujifunza kutosikiliza vitanda vya wengine, na jirani yetu alijigeuza upande wa pili.

"Miaka mingi," akasema. "Nilikuwa nakusuka nywele ya masomo, unakaa hapa mu magoti yangu, na nilikuwa nawaza, huyu njo alimupelekea mama kifo mu bakuli yangu. Halafu nakusuka. Ningefanya nini?" Akanitazama sasa, na macho yake yalikuwa ya mtu anayetaka kitu. "Weye uko mwalimu ya bya kula. Hakuna mwingine nitamuuliza. Ile chakula njo ilimuua?"

Hilo ndilo swali ninaloulizwa kila mwaka, na jibu ninalo tangu siku ile ya maktaba. Ninalo zima. Hapana, bukari ya manjano haikumuua. Moyo wake ulikuwa umechoka, na katika chakula chote alichokula wiki zile, kitu pekee kilichouongezea mzigo ni chumvi ya makayabu, iliyopikwa kwa upendo kila siku, ikafungwa kwa fundo la mara mbili, baada ya munganga kukataza mbele yetu sote wawili. Siku niliyoiba samaki yule na kumletea maharagwe ya Papa Banza huenda ndiyo siku moja moyo wake ulipumzika kidogo. Ukweli huu ungenitoa mimi hatiani. Ungemwingiza yeye.

Mimi ni mtu asiyevumilia watu wanaojifanya. Huwa nawaambia wanafunzi hivyo, na wananiogopa kwa ajili hiyo.

"Apana, tantine," nikasema. "Haikuwa chakula. Ilikuwa moyo. Ulikuwa umechoka mbele ya kuingia humu."

"Moyo."

"Moyo tu, paka moyo."

Alivuta bakuli langu karibu, bakuli la plastiki siku hizi, lililofungwa kwa kitambaa, akalitazama. "Na hii, haina chumvi."

"Haina."

"Hata kwa mama, ule munganga alisema hivyo," akasema taratibu. "Chumvi yote. Nakumbuka." Akaweka mkono juu ya kitambaa, na niliona jambo linapita usoni mwake, au nilidhani. Sikulisaidia lipite wala lisimame.

Kisha akaanza kujigeuza kuelekea ukuta. Ilimchukua muda, na miguu ile. Mwili wangu wote ulitaka kuzunguka kitanda nihakikishe anakula, nimesomea kuhakikisha. Nikasimama, nikatoka nje.

Nyuma ya wodi mbabula zilikuwa zinawaka kama zamani. Chungu cheusi hakipo, ipo sufuria nyingine, na mpishi mwingine ambaye sikumwuliza jina. Nilisimama nikiwapa mgongo madirisha. Niliwaza siku nne. Si kwamba Nkambo alikufa. Angekufa, kitabu kinasema hivyo, na kitabu hakikosei hapo. Bali siku nne alilala akiamini kwamba amekwisha kuandikwa miongoni mwa wale wa kando ya chungu, na kila alasiri nilifika, nikampa bakuli, nikakaa kitandani pake nikining'iniza miguu, nimeshiba samaki, naye akaniuliza nimesoma nini leo. Alichokula, kwake yeye, kilikuwa sumu. Alikila tonge kwa tonge kwa sababu sikutoka mbele yake. Na mimi nimekuwa nikiwaambia watu kwamba hakujua.

Nkambo sikumtetea kwa kusema ukweli wote, na tantine sikumtetea kwa kunyamaza, nilinyamaza tu. Labda ninajifanya mwema. Sijui kama ipo njia ya tatu, na ningekuwa nayo ningeifundisha.

Nilipohisi muda umetosha nilirudi ndani. Tantine alikuwa amelala, au amefumba macho. Bakuli lilikuwa juu ya stuli, limefungwa tena kwa kitambaa, fundo la kuzungusha mara mbili, ncha ndani. Nililipandisha kichwani kama zamani, watu wakanicheka, nikavuka nalo reli mpaka nyumbani. Sikulifungua njiani.